Huyo Pio Gama Pinto ni Nani, Mtaliano?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nje ya Sarit pale Westlands nikimngoja beshte yangu mmoja ambaye saa nane kwake ni saa tisa na nusu. Alipofika hata hakuomba radhi. Aliangalia kibao cha barabara, akasoma polepole kama mtoto wa darasa la pili: Pio Gama Pinto Road. Akanigeukia. "Huyu naye ni nani, Mtaliano? Mwenye kuuza pizza?"

Nilicheka. Halafu nikajaribu kumjibu, nikagundua ninachojua kinaisha kwa sentensi mbili: alikuwa Muhindi fulani wa siasa, na alipigwa risasi zamani. Na mimi ndiye yule jamaa anayewapigia kelele hapa kila wiki kuhusu historia. Aibu tupu.

Basi tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Na kabla sijawaambia nilichokuta, acha niseme ukweli wangu mapema ili msije mkaniuliza baadaye nimelipwa na nani. Mimi si mtu wa kuwatetea Wahindi. Mzee wangu alifanya kazi kwenye godauni moja Industrial Area miaka tisa. Mwenye godauni alikuwa Muhindi. Miaka tisa mzee ni kibarua, hana barua ya kazi, hana likizo, na kijana wa bosi, wa umri ambao ninao mimi sasa, anamwita "wewe boi". Mgongo wake ulipoharibika akaambiwa asirudi Jumatatu. Kwa hivyo kwetu Kangemi neno "Muhindi" lilikuwa na sauti yake. Ukilitamka, kila mtu mezani ameshaelewa, huhitaji kuongeza kitu.

Ndiyo maana mtu akiniambia Wahindi walipigania uhuru wa hii nchi, kitu cha kwanza kinachonijia ni kukataa. Walipigania maduka yao, hivyo ndivyo ningesema. Na nikisema hivyo sitakuwa nimekosea kabisa. Lakini kuna watu wawili wameniharibia hiyo hesabu, na wote wawili walianza kwa kupigania uhuru wa India kabla hawajapigania wetu.

Nisikizeni kwanza kuhusu mji wenyewe. Mathree ikitoka Kangemi inapita Waiyaki Way, Westlands, Museum Hill, halafu inaingia tao kwa upande wa University. Dakika 20 kama hakuna jam, na jam huwa iko. Njia hiyo mkoloni aliipanga kwa rangi. Mzungu alijipa milima na miti ya magharibi na kaskazini: Muthaiga, Kileleshwa, Lavington, sehemu kubwa ya huku kwetu ambako leo kuna maduka makubwa. Muhindi akapewa Ngara, Pangani, na baadaye Parklands. Mwafrika akasukumwa mashariki, Pumwani, Kaloleni na kwingineko, tena akiwa na kipande shingoni. Mishahara ya serikali pia ilikuwa na ngazi tatu. Kazi ileile, Mzungu juu, Muhindi katikati, Mwafrika chini.

Ujanja wote ulikuwa kwenye ile ngazi ya katikati. Mtu wa katikati anaangalia chini anashukuru Mungu, anaangalia juu anatamani. Akili yake yote inaishia hapo kwa ngazi. Na kweli, siasa nyingi za Wahindi wa Kenya miaka ya kwanza zilikuwa za kutaka kupanda ngazi moja. Walitaka kuruhusiwa kununua shamba kule nyanda za juu ambazo Mzungu alijiwekea peke yake. Walitaka kura sawa na yake. Alibhai Mulla Jeevanjee, yule wa Jeevanjee Gardens, alikuwa tajiri wa kutosha kuupa mji bustani nzima na sanamu ya Malkia Victoria juu yake, mwaka wa 1906, na bado hangeruhusiwa kuishi mahali Mzungu hataki. (Leo kwenye bustani hiyo unaweza kusikiliza mahubiri matatu na mjadala mmoja wa siasa kwa wakati mmoja. Nadhani mzee angefurahi.)

India kule kwao walikuwa wanaifuatilia Kenya kwa macho makali. Waliambiwa kwamba wao ni raia wa milki moja na Mwingereza, sasa wakataka kuona: Kenya, huyo raia anatendewa nini? Waliokuwa wanapigania uhuru wa India waliichukulia kama kipimo. Januari 1924, Sarojini Naidu, mshairi na mmoja wa viongozi wakubwa wa harakati ya Gandhi, alisafiri mpaka Mombasa kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki. Walowezi wa hapa nao walikuwa wamekasirika kiasi kwamba walipanga kumteka gavana wao wenyewe, kisa tu London inafikiria kumpa Muhindi haki. Hiyo si hadithi ya kutunga. Walikuwa tayari kumpindua mtumishi wa mfalme wao ili Muhindi asipate kura.

Julai 1923 London ikaamua. Nyanda za juu zibaki za Mzungu, Muhindi apige kura pembeni kwa viti vyake vichache, na kwa karatasi ikaandikwa kwamba maslahi ya Mwafrika ndiyo yatatangulia. Kwa karatasi. Mashamba yalibaki palepale.

Lakini tayari mtu mmoja alikuwa ameshaona zaidi ya ngazi. Manilal Desai alifika Nairobi mwaka wa 1915, akawa karani wa mawakili, kisha akaanzisha gazeti lililoitwa East African Chronicle. Akafanya urafiki na kijana wa simu pale Hazina ya serikali, jina lake Harry Thuku. Thuku alikuwa analalamikia kipande, kodi, na mishahara kukatwa. Desai akampa nafasi ya ofisi na mtambo wa kuchapa. Hebu fikiria hilo kwa lugha ya leo: una hasira, una ujumbe, huna njia ya kuufikisha, halafu mtu anakuambia ingia, tumia yangu.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu wakajaa nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk. Mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru akawachokoza wanaume waliotaka kurudi nyumbani, umati ukasonga mbele, na risasi zikaanza. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walihesabu wengi zaidi. Sisi tuliokuwa tao Juni 2024 hatuhitaji kuelezewa sana jinsi hesabu mbili hutoka kwenye barabara moja. Nikipita pale kati ya Norfolk na University sasa huwa natazama chini, kama mtu aliyedondosha kitu.

Desai alifariki 1926. Wahindi wa Nairobi wakajenga ukumbi kwa jina lake, Desai Memorial Hall, na ukumbi huo utarudi kwenye hii stori.

Sasa twende kwa mtu wa kwanza aliyeniharibia hesabu.

Makhan Singh alizaliwa mwaka wa 1913 katika kijiji cha Gharjakh, huko Punjab, sehemu ambayo leo iko Pakistan. Akaja Nairobi mwaka wa 1927, akasoma shule ya serikali ya Wahindi, ile iliyokuja kuwa Jamhuri High. Kalasinga, kilemba na ndevu, mshairi wa Kipunjabi. Baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji na kijana akafanya kazi humo. Mkiona mtindo hapa, mko sawa: kila mtu kwenye hii stori ana mtambo wa kuchapa karibu.

Mwaka wa 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichoanza kama cha Wahindi. Kitu cha kwanza walichofanya ni kukibadilisha kiwe Labour Trade Union of Kenya, wazi kwa kila rangi na kila dini. Halafu 1937 chama kikaitisha mgomo. Hapa ndipo niliposimamisha kusoma nikatoka nje kidogo. Waliogoma wengi walikuwa mafundi wa Kihindi: maseremala, waashi. Na wengi wa waajiri waliogomewa walikuwa nani? Wahindi wenzao. Wakandarasi wa lugha moja nao, wengine wa dini moja nao. Mgomo ulidumu siku 62 na mishahara ikapanda kati ya asilimia 15 na 22.

Yaani miaka mingi kabla baba yangu hajaingia kwenye lile godauni, kalasinga mmoja wa Nairobi alikuwa ameshapigana na bosi wa aina ileile, kwa sababu zilezile. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba kuna upande wa Wahindi na upande wetu. Yeye alikuwa anagawanya watu kwa kisu kingine kabisa.

Chama kikapeleka vikaratasi kwa lugha za India na kwa Kiswahili. Kufikia 1939 uongozi wake ulikuwa na Waafrika, akina Jesse Kariuki na George Ndegwa. Mwisho wa mwaka huo Makhan Singh akaenda India. Huko Mwingereza alikuwa na vita dunia nzima na hakutaka kelele za uhuru, kwa hivyo Mei 1940 akamkamata. Hakushtakiwa kwa kosa, aliwekwa tu. Kizuizi cha kambi, kisha cha kijijini, mpaka Januari 1945. Karibu miaka mitano ya ujana wake aliitoa kwa uhuru wa India.

India ikapata uhuru tarehe 15 Agosti 1947. Wewe ungefanya nini? Mimi ningekaa nile matunda. Yeye mwezi uleule wa Agosti alirudi Kenya. Na alipofika tu serikali ya hapa ikamwambia hatakiwi, aondoke. Akakataa, akaenda mahakamani, akabaki.

Mei 1949 akaanzisha pamoja na Fred Kubai muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai mwenyekiti, yeye katibu mkuu. Machi 1950 Nairobi ilipokuwa inapewa hadhi ya jiji kwa sherehe na mtoto wa mfalme kutumwa, muungano huo ukawaambia wafanyakazi wasiende. Jiji la nani, wakauliza, wakati anayelisafisha halali ndani yake.

Halafu tarehe 23 Aprili 1950. Najua nimeahidi kukaa tao na magharibi, lakini hapa lazima tuvuke mpaka Kaloleni, Eastlands. Chama cha KAU na kile cha Wahindi, East African Indian National Congress, walifanya mkutano wa pamoja pale ukumbini kupinga mipango ya walowezi. Wakati huo hata viongozi wakali walikuwa wanaomba viti zaidi kwenye baraza, ardhi irudishwe, kipande kiondolewe. Makhan Singh akasimama na kutaka azimio libadilishwe: kwamba dawa ya yote ni uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na wakati wake ni sasa. Mbele ya umati, kwa sauti, mwaka wa 1950.

Tarehe 15 Mei wakamchukua, yeye na Kubai. Nairobi ikagoma. Siku 9, polisi na magari ya deraya mitaani, wafanyakazi wakidai viongozi waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100. Kesi yake ikasikizwa Nyeri mbele ya Jaji Thacker, yuleyule aliyekuja kumhukumu Kenyatta Kapenguria. Makhan Singh hakuficha chochote. Alikubali kwamba yeye ni mkomunisti. Wakampeleka Lokitaung, baadaye Maralal, baadaye Dol Dol. Walikuwa tayari kumwachilia wakati wowote, kwa sharti dogo tu: apande meli arudi India.

Hakupanda. Alitoka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11. Kenyatta mwenyewe alikaa karibu 9. Ukijumlisha na ile ya India, huyu mtu alifungiwa na Mwingereza mmoja, katika mabara mawili, kwa kosa lilelile, zaidi ya miaka 15.

Mtu wa pili ndiye yule wa kibao.

Pio Gama Pinto alizaliwa hapa Nairobi mwaka wa 1927, kwa wazazi Wagoa. Goa wakati huo haikuwa ya Mwingereza. Ilikuwa ya Mreno, na Mreno hakuondoka 1947. Pinto alipelekwa India mtoto akasoma huko, na alipokuwa kijana akajiunga na waliotaka Goa nayo iwe huru. Mreno alikuwa na gereza lake baya sana visiwani Cape Verde la kuweka watu wa aina hiyo. Pinto akaponyoka na kurudi nyumbani mwaka wa 1949. Nyumbani maana yake Nairobi. Akajifunza Kiswahili upya, na ofisi yake ikawa, mmeshakisia, Desai Memorial Hall.

Pinto hakuwa mtu wa jukwaani. Huyu alikuwa mtu wa nyuma: anaandika magazetini, anakusanya ushahidi, anatafuta wakili, anatafuta pesa za familia ambayo baba yake amekamatwa. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952 na Kenyatta kupelekwa Kapenguria, mawakili wa Kihindi wa Nairobi kama Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza walisimama upande wa washtakiwa, na Nehru akamtuma Chaman Lall kutoka India aungane nao. Pinto naye alikuwa akiwasaidia wapiganaji wa msituni, na hiyo haikuwa kazi ya karatasi pekee.

Juni 1954, miezi mitano tu baada ya harusi yake, wakamkamata. Wakampeleka kisiwa cha Manda. Ndiyo, Manda hiyohiyo ya Lamu, ambako uwanja wa ndege uko na watu wanapiga picha wakishuka na kofia za ukili. Alikuwa kambi ya Takwa. Miaka mitatu, kisha Kabarnet mpaka 1959. Mke wake, Emma, aliolewa na mwanamume akaishi na barua.

Alipotoka hakupumzika. Sauti ya KANU, kampeni, na mwaka wa 1961 kampuni ya magazeti ya Pan African Press kwa pesa alizozipata kutoka kwa Nehru. Mwaka huohuo, Desemba, Goa ikatoka mikononi mwa Mreno. Miaka miwili baadaye, Desemba tena, sisi. Sijui ni watu wangapi duniani wameona bendera mbili walizozifungiwa zikipandishwa.

Kwa hivyo mnaweza kufikiria hapa ndipo muziki unaanza na majina yanaitwa. Hapana. Makhan Singh alitoka kizuizini akakuta vyama vya wafanyakazi vina wenyewe. Hakupewa cheo. Akakaa akaandika kitabu kuhusu historia ya vyama hivyo, kikatoka 1969, akafariki 1973. Pinto aliingia bungeni 1964, na ubunge ukamkuta na swali lilelile alilokuwa nalo siku zote: ardhi ambayo watu waliifia itarudi kwa watu, au itanunuliwa na wachache wenye majina? Serikali ilikuwa inaandaa sera yake ya uchumi, ile iliyojulikana kama Sessional Paper namba 10. Pinto alikuwa anawapanga wabunge kuipinga.

Tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, alikuwa kwenye gari pale kwake Lower Kabete Road, akitoka nje ya geti. Kiti cha nyuma kulikuwa na binti yake mdogo. Wakamkaribia, wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 37. Kijana mmoja, Kisilu Mutua, alihukumiwa na akakaa jela mpaka 2001, akisema miaka yote hiyo kwamba si yeye aliyeua. Aliyetuma hajawahi kutajwa mahakamani.

Kutoka pale alipouawa mpaka kile kibao nje ya Sarit ni matembezi mafupi. Nimeyatembea. Unapita watu wa kahawa na wa simu za mkopo.

Sasa nina neno kuhusu Gandhi, kwa sababu ukiingia University utamkuta pale, sanamu iliyofunguliwa Julai 1956 na Radhakrishnan, makamu wa rais wa India. Wahindi wa hapa walichanga pesa nyingi kwa ile taasisi ili iwe ya rangi zote, na hilo silidharau. Lakini Gandhi hakujenga kitu Nairobi. Alipopita pwani yetu akienda Afrika Kusini mwaka wa 1893, Nairobi ilikuwa bado ni maji na nyasi. Na mambo aliyoandika kuhusu Waafrika miaka yake ya kwanza Afrika Kusini ni ya kuudhi. Desemba 2018 chuo kikuu cha Ghana kiliitoa sanamu yake kwa sababu hiyo. Mimi sisemi tuing'oe. Nasema, kama mnataka Muhindi wa kusimama mbele ya vijana wa Nairobi, tulikuwa naye. Alisoma Ngara. Alifungwa Lokitaung. Tungeokoa hata nauli ya kumleta.

Kwa nini hatuna? Najua jibu la haraka: kwa sababu ni Muhindi. Na kuna ukweli. Mwaka wa 1967 serikali ilitunga sheria za vibali na leseni, maelfu ya Wahindi wakaondoka kwenda Uingereza, na ilichukua mpaka Julai 2017 kwa serikali kusema Wakenya wa asili ya Asia ni kabila la 44. Miaka 54 ya kuulizwa "wewe ni wa wapi hasa?"

Lakini sidhani ndiyo sababu kubwa. Kungekuwa na Mhindi tajiri aliyechangia KANU, tungemkumbuka vizuri. Tatizo la hawa wawili ni kwamba hawakuacha swali lao pale uhuru ulipofika. Na upande wa Wahindi wenyewe pia hawakuwa vipenzi. Wafanyabiashara wengi hawakutaka kusikia ukomunisti wa Makhan Singh. Yeye ndiye aliyewagomea 1937. Wakati wa hali ya hatari wengi walinyamaza, na vijana wengine wa Kihindi waliandikishwa upande wa serikali. Kwa hivyo akisimama Muhindi leo aseme "sisi tulipigania uhuru", nitamuuliza: sisi nani? Babu yako alikuwa anagoma au anagomewa? Na akisimama Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo kusema hivyohivyo, mimi nikiwemo, swali ni lilelile. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari kanzu. Haya, nimesema.

Pinto alizikwa City Park, Parklands, kule ambako nyani huja kukuomba ndizi. Nilienda Jumamosi. Kuna watu walikuwa wanapiga picha za harusi, mamia ya watoto, aiskrimu kila mahali. Nikasimama makaburini dakika chache bila kujua mtu husema nini. Nikapiga picha moja kumtumia yule beshte wangu wa pizza. Akajibu na vidole viwili vya kusalimia, halafu baada ya saa nzima: "Miaka 37 tu?"

Jumapili nikaenda nyumbani, nikamsomea mzee hii stori yote wakati wa chai. Hakusema kitu kuhusu Pinto. Hakusema kitu kuhusu Kaloleni. Akanirudisha kwa 1937.

"Hao mabosi walikuwa Wahindi?"

"Wengi wao."

"Na aliyeitisha mgomo?"

"Kalasinga."

Akajimiminia chai nyingine, polepole kwa sababu ya mgongo. "Wakaongezwa ngapi?"

"Kati ya asilimia 15 na 22."

"Kwa siku ngapi?"

"62."

Alihesabu kitu kimoyomoyo, nadhani ni miezi ya kodi ya nyumba. "Sisi tuligoma mara moja," akasema. "Asubuhi. Kufika saa sita wakaleta mkate na soda, tukarudi ndani."